Fuata chenji: jinsi Bitcoin ya miaka ya mwanzo ilivyovuja fedha na faragha

Ukimpa konda noti ya elfu kumi kwa nauli ya mia sita, hakati kipande cha noti. Anaichukua nzima, kisha anakurudishia elfu tisa na mia nne kwa noti na sarafu nyingine kabisa. Hizo ulizorudishiwa unaweza kuzitia mfuko mwingine, mfuko wa shati badala ya ule wa suruali, na usipokumbuka zinafuliwa pamoja na shati.

Bitcoin hulipa kwa mtindo huo huo. Tatizo ni kwamba programu ya mwanzo ilimwonyesha mtumiaji salio moja tu, kama lile la M-Pesa, na jambo la chenji ikalifanya kimyakimya nyuma ya pazia. Kati ya 2010 na 2013 watu walipoteza bitcoin nyingi bila mwizi kuingia, na wengine waliojiona wamejificha wakafuatiliwa hatua kwa hatua. Hesabu za siri zinazoulinda mfumo hazikuvunjwa. Ukichunguza kesi moja baada ya nyingine, mara nyingi utaikuta chenji: ama imekwenda mahali ambapo mwenyewe hapajui, ama imewaonyesha wengine mahali alipo.

Kilichomo ndani ya pochi

Pochi ya Bitcoin haina fedha ndani yake. Ina funguo za siri. Fedha zimeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo kompyuta nyingi duniani zina nakala yake, na kwenye daftari hilo hakuna mstari unaosema "fulani ana kiasi hiki". Kuna miamala tu. Kila muamala unachukua noti za zamani kama viingizo na kuzaa noti mpya kama vitokeo, na noti ambayo bado haijatumika ndiyo mali ya mwenye ufunguo wake. Salio unaloliona kwenye skrini ni jumla ya noti hizo, na programu ndiyo inayoijumlisha.

Muamala wa kwanza kabisa kati ya watu wawili unaonyesha jambo hili vizuri. Tarehe 12 Januari 2009 Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alimtumia mtaalamu wa programu Hal Finney bitcoin 10. Alikuwa na noti moja ya 50, malipo ambayo mchimbaji hupata kompyuta yake ikiongeza bloku (fungu la miamala) kwenye daftari, hapa bloku namba 9. Noti hiyo ilichukuliwa nzima, zikazaliwa mbili: ya 10 kwa Finney na ya 40 kurudi kwa Satoshi. Ile 40 ilirudi kwenye ufunguo ule ule uliotoa 50. Ndivyo toleo la kwanza lilivyoandikwa: chenji irudi mfuko uliotoka.

Mtindo huo ni salama kwa mwenye kuhifadhi nakala, lakini unamwanika. Yeyote anayesoma daftari anaona upande upi umerudi kwa mtumaji na upande upi ni malipo. Kwa hiyo programu ikabadilishwa, na kufikia katikati ya 2010 chenji ilikuwa ikienda kwenye ufunguo mpya unaotengenezwa papo hapo, ili mtazamaji asitambue ipi ni chenji. Nia ilikuwa njema, nami naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Ila mtumiaji hakuambiwa, na dirisha la programu halikuonyesha popote anwani ya ufunguo huo, yaani namba yake ya kupokelea fedha.

Agosti 2010 gharama yake ikaonekana. Mtu mmoja alikuwa na bitcoin 9,000. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi: aliwasha kompyuta kwa CD ya Linux ili virusi vya kwenye diski visimfikie, na faili ya pochi akainakili kwenye flashi. Kisha akajitumia bitcoin 1 kwenye anwani yake nyingine. Programu ikachukua noti ya 9,000 nzima. Bitcoin 1 ikaenda alikotaka, na 8,999 zikaenda kwenye ufunguo uliozaliwa sekunde ile ile. Ufunguo huo uliandikwa kwenye faili ya pochi iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa sababu mfumo unaoendeshwa kwa CD hauandiki kwenye diski. Nakala ya kwenye flashi ilikuwa imechukuliwa kabla ya malipo. Alipozima kompyuta, ufunguo ukafutika. Flashi ilibaki na funguo halali za noti ambayo tayari ilikuwa imetumika. Zile 8,999 kila mtu anaweza kuziona daftarini, na hakuna mwenye uwezo wa kuzihamisha.

Funguo 100 na mitego yake

Oktoba 2010 toleo 0.3.14 lilileta suluhisho la kwanza: badala ya kuzaa ufunguo wakati wa haja, programu inatengeneza funguo 100 mapema na kuziweka akiba ndani ya wallet.dat, yaani faili ya pochi. Ukinakili faili leo, nakala yako ina funguo zinazotumika sasa pamoja na 100 zijazo.

Wengi waliishia kusoma hapo na kusema wamepona. Lakini hesabu yake ni hii: kila ukibonyeza kutaka anwani mpya, ufunguo mmoja umetumika, na kila ukilipa na chenji ikarudi, mwingine umetumika. Anayelipa mara tatu kwa siku anamaliza akiba ndani ya mwezi na siku chache, na hapo nakala yake inaanza kupitwa. Wachimbaji waliogawiwa malipo madogo kila siku wakayatumia hovyo walifika huko haraka zaidi. Kanuni iliyofaa ilikuwa kuchukua nakala upya kila baada ya malipo 50 hivi, na mara moja kabla ya kupokea kiasi kikubwa.

Namna ya kunakili nayo ilikuwa na ujuzi wake. Kwenye Windows faili ilikaa %APPDATA%\Bitcoin, kwenye Linux ~/.bitcoin, kwenye Mac ndani ya Library/Application Support/Bitcoin. Ilibidi utoke kabisa kwenye programu, maana kufunga dirisha tu kungeiacha ikiendelea chini, kisha usubiri imalize kuandika. Wallet.dat ni faili ya Berkeley DB, programu ya kuhifadhi data, na mabadiliko ya karibuni hukaa kwanza kwenye kumbukumbu za folda ya pembeni iitwayo database. Ukiinakili ikiwa wazi unaweza kupata faili isiyo na ufunguo wa chenji ya dakika tano zilizopita. Baada ya kunakili, jaribu: iweke kwenye kompyuta nyingine, washa programu kwa -rescan ili isome daftari upya tangu mwanzo, na ulinganishe salio. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Kosa jingine la kawaida lilikuwa kuweka wallet.dat moja kwenye kompyuta mbili, ya nyumbani na ya kazini, na kulipa kutoka zote mbili. Kwa wiki kadhaa mambo yanakwenda sawa kwa sababu funguo 100 za akiba ni zile zile. Zikiisha, kila kompyuta inatengeneza zake. Kuanzia hapo chenji ya malipo ya kazini haionekani nyumbani, masalio yanapishana, na mwenyewe anadhani ameibiwa.

Kisha kuna nywila. Hadi Septemba 2011, lilipotoka toleo 0.4.0, wallet.dat ilikaa wazi bila kufungwa kwa nywila yoyote. Aliyeweza kuinakili ameshazichukua fedha. Juni 2011 mtumiaji mmoja wa Windows alipoteza bitcoin 25,000 kwa wizi wa namna hiyo, na mwezi huo huo kampuni ya Symantec ikaeleza kirusi ilichokiita Infostealer.Coinbit, ambacho kazi yake yote ilikuwa kutafuta wallet.dat na kuituma kwa barua pepe. Kilitosha kikiingia mara moja.

Toleo 0.4.0 likakuwezesha kufunga funguo kwa nywila, lakini lilikuja na kasoro: funguo za wazi ziliweza kubaki kwenye sehemu za faili ambazo Berkeley DB ilikuwa bado haijaziandika upya. Ilirekebishwa miezi michache baadaye, na tangu hapo kufunga pochi kwa nywila kunaiandika faili nzima upya na kutupa akiba ya zamani ya funguo, ili chenji zijazo zisiende kwenye funguo zilizowahi kukaa wazi. Hapa ndipo waliponaswa wale waliofunga pochi kwa nywila wakadhani nakala yao ya wiki iliyopita inatosha. Haitoshi. Malipo ya kwanza baada ya kuweka nywila yanapeleka chenji kwenye ufunguo usiokuwemo kwenye nakala hiyo.

Na ukihisi pochi imenakiliwa na mtu, kubadilisha nywila hakusaidii kitu. Nywila inalinda faili uliyonayo wewe. Aliyechukua nakala jana ana funguo zile zile chini ya nywila ya jana, au bila nywila kabisa. Dawa ni moja: tengeneza pochi mpya kwenye kompyuta safi, na uhamishie humo noti zote siku hiyo hiyo.

Kuhusu walioona heri waweke kwenye masoko ya kubadilishia fedha nitapita haraka, maana yamesemwa sana. Julai 2011 soko la Poland liitwalo Bitomat lilipoteza bitcoin 17,000 kwa sababu faili ya pochi ilikuwa kwenye seva ya kukodi ya Amazon ambayo diski yake ilifutika ilipowashwa upya. Soko la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika Februari 2014 likitangaza kupotea kwa bitcoin 850,000, kisha 200,000 zikapatikana kwenye pochi ya zamani. Hata hao wakubwa walikuwa na faili walizozisahau.

Chenji inavyosema jina lako

Turudi kwenye faragha, ambayo ndiyo ilileta ufunguo mpya wa chenji. Je, ilifanikiwa? Kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Chukua mfano huu. Una noti mbili, ya 0.8 kwenye anwani moja na ya 0.6 kwenye anwani nyingine. Unamlipa mtu 1.25 na ada ni 0.0005. Muamala utakuwa na viingizo viwili, 0.8 na 0.6, na vitokeo viwili, 1.25 na 0.1495. Msomaji wa daftari asiyekujua anapata mambo matatu kwa mtazamo mmoja. La kwanza, aliyetia sahihi viingizo vyote viwili ni mmoja, kwa hiyo anwani zile mbili ambazo jana hazikuwa na uhusiano leo ni za mwenye mmoja. Hili Satoshi mwenyewe alilikiri kwenye andiko lake la 2008. La pili, 1.25 ni bei ya kibinadamu, na 0.1495 ni mabaki. La tatu ndilo kali zaidi: kama malipo yangekuwa 0.1495, noti ya 0.8 peke yake ingetosha na isingekuwa na haja ya kuunganisha ya pili. Kwa hiyo 0.1495 ndiyo chenji, na anwani yake mpya ni yako. Wiki ijayo ukiichanganya 0.1495 na noti nyingine, anwani nyingine tena inaongezwa kwenye fungu lako. Fungu linakua kila unaponunua kitu.

Mwaka 2011 Fergal Reid na Martin Harrigan, watafiti wa Dublin, walitumia kanuni ya viingizo vinavyotumika pamoja kuchora ramani ya fedha, na mfano wao mmoja ulikuwa ule wizi wa bitcoin 25,000. Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakaongeza kanuni ya chenji: katika muamala, anwani inayoonekana kwa mara ya kwanza daftarini huku wenzake wakiwa wameshaonekana, huenda ndiyo ya chenji. Tena walifanya kazi ya miguu. Wakafanya miamala 344 na masoko, maduka, pochi za mtandaoni na michezo ya kamari, ili wajue anwani za kila huduma. Baada ya hapo fungu lisilo na jina lililogusa soko linalodai kitambulisho lilikuwa na mahali ambapo polisi wangeweza kwenda kuuliza. Mwaka 2015 maofisa wawili wa serikali ya Marekani waliokuwa wakichunguza Silk Road, soko la siri la mtandaoni la dawa za kulevya, walitiwa hatiani kwa kujichotea bitcoin katika uchunguzi huo huo, na daftari la wazi lilikuwa sehemu ya ushahidi dhidi yao.

Waliojua waliishi hivi: kila anayekulipa mpe anwani yake peke yake, na fedha za vyanzo viwili usizichanganye kwenye muamala mmoja. Kabla ya 2014 programu rasmi haikukupa kitufe cha kuchagua noti, kwa hiyo njia rahisi ilikuwa kuwa na pochi mbili kwenye folda mbili kwa -datadir, moja ya mshahara na moja ya matumizi ambayo hutaki mwajiri ayajue. Ukihamisha kutoka moja kwenda nyingine kwa muamala wa moja kwa moja, umezifunga pamoja na kazi yote imeharibika.

Agosti 2013 Greg Maxwell, mmoja wa waandishi wa programu ya Bitcoin, alieleza mbinu ya CoinJoin: watu kadhaa wanatengeneza muamala mmoja wa pamoja, kila mmoja anapata kitokeo cha kiasi kile kile, tuseme 1, na mtazamaji hajui kipi ni cha nani. Ni wazo zuri. Lakini kila mshiriki alileta noti yenye ukubwa wake, basi kila mmoja ana chenji ya ukubwa wake. Aliyeleta 1.37 anarudishiwa karibu 0.37, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuwaunganisha. Asiyeitenga chenji hiyo, akaja kuitumia pamoja na ile 1 iliyofichwa, amejifunua mwenyewe.

Kuna pia upande wa mtandao, ambao wengi hawakuuwaza. Programu ya mwanzo ilitafuta wenzake kwa kuingia kwenye chumba cha IRC, mfumo wa zamani wa gumzo la mtandaoni, na jina ililojipa humo lilianza kwa herufi u likifuatwa na anwani ya IP ya kompyuta iliyoandikwa kwa herufi za Base58. Yaani kila aliyewasha Bitcoin 2010 akiwa na mlango wake wazi alikuwa akitangaza mahali alipo kwa yeyote aliyekaa kwenye chumba hicho. Mwaka 2011 Dan Kaminsky, mtafiti wa usalama wa kompyuta, akaonyesha kwamba ukijiunganisha na kompyuta zote za mtandao, ile inayokuletea muamala kwanza yaelekea ndiyo ya mtumaji. Kinga ilikuwa kupitisha kila kitu kwenye Tor, mtandao unaoficha anwani ya IP, kwa -proxy=127.0.0.1:9050. Namba 9050 ilikuwa na maana: programu ilitambua kwamba iko kwenye Tor kwa namba hiyo ya mlango, ikazima IRC yenyewe. Aliyetumia mlango mwingine alitakiwa aongeze -noirc kwa mkono wake.

Kulipa dukani

Matumizi ya kila siku yalitawaliwa na kungoja. Bloku hutoka kwa wastani wa dakika 10, na programu ilihesabu malipo kuwa yamethibitika baada ya bloku 6, karibu saa nzima. Baa ya Room 77 mtaa wa Kreuzberg, Berlin, ilipokea bitcoin kwa bia tangu 2011, na hakuna mteja wa bia anayengoja saa nzima. Muuzaji wa bia anaridhika akiona muamala umefika kwenye mtandao, bila bloku hata moja. Hatari yake ni kwamba mteja anaweza kutuma muamala wa pili unaotumia noti ile ile kwenda kwake mwenyewe, na wachimbaji wakauchukua huo wa pili. Kwa bia hasara inavumilika. Kwa simu au dhahabu subiri bloku zako 6, na kwa kiasi kikubwa subiri zaidi. Machi 2013 toleo 0.7 na 0.8 zilitofautiana kwa sababu ya kikomo kimoja cha Berkeley DB, mnyororo wa bloku ukagawanyika kwa saa kadhaa, na malipo ya takriban dola 10,000 yaliyokuwa yameshathibitishwa upande mmoja yakafutwa upande mwingine baada ya mteja kuzitumia noti zake mara ya pili.

Ada nayo ilifungamana na chenji. Muamala mdogo ungeweza kupita bure kama noti zake zilikuwa na umri na thamani ya kutosha: kipimo kilikuwa bitcoin 1 iliyolala siku moja, kwa muamala wa baiti 250. Chenji ni noti changa, umri wake ni sifuri. Ndiyo maana mtu aliyelipa asubuhi bure, akijaribu kulipa tena baada ya nusu saa, aliambiwa alipe ada, na akaona programu ina kichaa. Ada yenyewe ilikuwa 0.01 mwanzoni, ikashushwa hadi 0.0005 mwaka 2011 na 0.0001 mwaka 2013, kadiri bei ya bitcoin ilivyopanda.

Hatari kubwa ilikuwa kwa waliotengeneza muamala kwa mkono kwa amri za raw transaction. Bitcoin haina mahali pa kuandika ada. Ada ni tofauti kati ya jumla ya viingizo na jumla ya vitokeo, basi. Ukichukua noti ya 30, ukaandika kitokeo cha 2 kwa muuzaji na ukasahau kuandika kitokeo cha chenji, 28 zinamwendea mchimbaji, na mtandao hautakuuliza kama una uhakika. Muamala mmoja wa Agosti 2013 uliacha ada ya bitcoin 200. Kabla ya kutuma, jumlisha pande zote mbili kwenye karatasi, toa, na tofauti isomeke kwa sauti.

Huku kwetu njia ya kwanza ya wengi ilikuwa kuuziana kwa simu. Julai 2013 huduma iliyoitwa Kipochi ilitangazwa Kenya, ikilenga kuunganisha Bitcoin na M-Pesa, na mwaka huo huo kampuni ya BitPesa ikaanzishwa Nairobi. Wengine walikutana kwenye LocalBitcoins, soko la Finland lililoshikilia bitcoin ya muuzaji hadi athibitishe kulipwa. Hapa mifumo miwili yenye tabia tofauti inakutana, na wezi wanakaa katikati. Muamala wa M-Pesa unaweza kurudishwa ukilalamikiwa mapema. Wa Bitcoin haurudi. Mnunuzi tapeli anatuma fedha, anapewa bitcoin, kisha anapiga simu kudai alikosea namba. Mwingine anatuma ujumbe wa uongo ulioandikwa kama ule wa M-Pesa. Muuzaji mwenye akili haamini ujumbe: anaingia kwenye menyu na kuangalia salio, anahakikisha jina la mtumaji ni lile la mnunuzi, na kwa mgeni anaanza na kiasi kidogo.

Karatasi, na maneno 12

Kufikia 2012 ushauri wa kawaida ulikuwa kuchapa ufunguo kwenye karatasi kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na kuifungia kabatini. Ufunguo huo una herufi 51 na unaanza na 5, au 52 ukianza na K au L. Kwa kuweka akiba njia hii ilikuwa nzuri. Kwa kutumia ilikuwa na shimo lile lile. Mtu mwenye 10 kwenye karatasi anaingiza ufunguo kwenye programu ya kompyuta, analipa 2, anairudisha karatasi kabatini akiamini bado ina 8. Programu ilizituma zile 8 kwenye ufunguo mpya uliomo kwenye kompyuta. Baada ya miezi sita kompyuta inasafishwa, na karatasi haina kitu. Njia sahihi ni kufagia: hamisha kila kilichomo kwenye karatasi kwenda pochi yenye nakala kwa muamala mmoja, kisha ichane, wala usiitumie tena.

Karatasi iliyotumika mara nyingi ilikuwa na ubaya mwingine. Agosti 2013 iligundulika kwamba simu za Android zilikuwa zikizalisha namba nasibu mbovu za kutilia sahihi miamala, na sahihi mbili za ufunguo mmoja zenye namba nasibu moja zinatosha kwa yeyote kuukokotoa ufunguo wa siri. Mwenye kutumia kila ufunguo mara moja tu hakuacha sahihi mbili za kulinganisha.

Kilichomaliza tatizo la nakala ni wazo la kuzalisha funguo zote kutoka mbegu moja. Electrum ya Thomas Voegtlin ilitoka Novemba 2011 ikiwa na mbegu ya maneno 12: andika maneno hayo mara moja, na funguo zote, za kupokelea na za chenji, zitazaliwa upya kwa mpangilio ule ule daima. Mwaka 2012 Pieter Wuille akaandika BIP32, kanuni ya pamoja ya pochi ambayo inatenga tawi la 0 kwa kupokea na tawi la 1 kwa chenji, na pochi za leo bado zinafuata matawi hayo. Mtego uliobaki ni mdogo lakini unatisha: wakati wa kurejesha, pochi inaacha kutafuta ikikutana na anwani kadhaa tupu mfululizo. Electrum ya mwanzo ilisimama baada ya 5. Aliyetengeneza anwani 12 na kulipwa kwenye ya mwisho tu, akirejesha maneno yake anaona sifuri. Fedha zipo, ongeza kikomo hicho kwenye mipangilio na zitajitokeza.

Kuna diski za 2011 ambazo bado ziko stoo za watu, na kuna mtu atakayeifungua moja mwaka huu. Akiipata wallet.dat, aitengenezee nakala mbili kwenye kompyuta iliyokatwa intaneti kabla ya kuigusa, na asiitume kwa mtu yeyote anayejitolea kumsaidia mtandaoni. Kisha atataka kutafuta daftarini anwani anayoikumbuka, pengine ile aliyoibandika kwenye daftari la shule, naye ataikuta ina sifuri. Asiifute diski hapo. Aufungue muamala wa mwisho uliotoka kwenye anwani ile na atazame kitokeo cha pili, chenye mabaki ya namba isiyo kamili, kwenye anwani asiyowahi kuiona. Kama hakijatumika, ufunguo wake unaweza kuwa umo ndani ya faili ile ile aliyoishika.